Maelezo ya Kheir Ubwa kuhusu Noti Namba EK 2381998

Jina: Kheir Ubwa Mmanga. Umri: miaka 61. Kazi: mtembeza wageni, zamani baharia. Makaazi: Malindi, Mji Mkongwe, Unguja. Yameandikwa kituoni Jumapili tarehe 22 Septemba 2024, kuanzia saa 3:10 asubuhi, mbele ya Sajini Hamid.

Mimi ni mtu ninayejulikana mji mzima. Nimefika Bombay, Hamburg na Santos. Nnaomba chakula kwa lugha saba na kutukana kwa tisa. Skuli niliachia darasa la sita. Afande ananambia niseme yanayohusika tu. Haya yanahusika, kwa sababu mdomo wangu ndio ulioanza.

Sisi tuko sita, tunakusanya namba za noti. Noti zenyewe hatuziweki. Ikikupitia mkononi noti yenye namba ya kupendeza, unaandika daftarini namba, siku, na nani kakupa, kisha unaitumia iende zake. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani Mkunazini tunasomeana. Noti ikionekana mara ya pili, aliyeiona ananunuliwa kahawa wiki nzima. Watu wanatucheka. Nawacheke.

Mwenzetu mmoja alikuwa Muhiddin Abdulla, sasa marehemu, mshona kofia, miaka 70, mkaazi wa Mkunazini. Alikuwa na noti moja ya elfu kumi ambayo hakutaka kuitumia, EK 2381998. Mwanawe wa pekee, Nassra, alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka 1998, akafariki kwa uzazi mwaka juzi. Muhiddin aliishona noti ile ndani ya kofia yake. Alinionesha mimi peke yangu, nikaiandika namba yake. Akasema, "Kheir, hii nshaitoa mchezoni. Usimwambie mtu." Nikamjibu, "Mimi kaburi."

Mnamo Ijumaa tarehe 6 Septemba, saa 10:30 alasiri, Muhiddin alikuwa hajafika barazani. Nilitaka watu wacheke. Nikasema, "Mnamwona Muhiddin na kofia yake ile? Kavaa milioni tano kichwani. Ndani mna noti, na kuna Mjarumani, rafiki yangu mimi, angeinunua leo hii." Namba sikuitaja. Huyo Mjarumani hayupo. Watu walicheka. Mpwa wangu Suhail, miaka 29, dereva wa bodaboda, alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Milioni tano kweli, Mjomba?" Nikamwambia, "Mimi nimetembea dunia, we mtoto. Unanambia nini?" Suhail ni mtoto wa dada yangu, marehemu Zuleikha. Nimemlea tangu ana miaka minne.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Septemba, saa 9 alasiri, Bi Riyama, mkewe Muhiddin, alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe chini ya ngazi za nyumba yao, ameshakufa. Ngazi zile ni za mawe na zina kiza hata mchana. Kila mtu alisema kateleza. Niliposikia makelele nilikimbilia pale, na kofia niliiokota mimi. Bitana ilikuwa imechanwa na noti haimo. Nilisema moyoni, mzee kaitoa mwenyewe. Nilitaka iwe hivyo. Tulimzika Jumatano saa 4 asubuhi. Suhail alilibeba jeneza pamoja nami, bega kwa bega.

Ijumaa tarehe 13 hatukusoma namba, kwa msiba. Ijumaa tarehe 20, saa 10:40 alasiri, ilikuwa zamu ya Bi Rahila, muuza mbatata na tungule soko la Mwanakwerekwe. Alisoma: "EK 2381998. Elfu kumi. Jumatano tarehe 11, saa 2 asubuhi. Kanipa Suhail." Akanigeukia, "Suhail wako huyo, Kheir. Namba yenyewe kama siku ya mtu kuzaliwa." Hakujua alichokisoma. Aliniuliza mbona leo sina utani. Nikasema jino linaniuma.

Jana nilishinda ndani, sikumwambia mtu.

Leo saa 1 asubuhi nilikwenda kwa Suhail. Nilimsomea namba tu. Alikaa chini. Akasema, "Sikukusudia, Mjomba. Niliivuta kofia, akaing'ang'ania, nikamsukuma." Nikamuuliza, "Na noti ile ukenda kununulia mbatata?" Akasema, "Jioni ile niliwaonesha watu watatu, wote wakanicheka. Haiuziki. Wewe ndiye uliyesema milioni tano."

Noti ile Bi Rahila ameshaitumia, kama lilivyo sharti letu. Iko mikononi mwa watu. Asubuhi hii nimewapigia simu wenzangu wanne waliobaki, nimewaomba waitafute. Ikipatikana, naomba kesi ikimalizika apewe Bi Riyama. Daftari langu hili nalikabidhi.

Afande ameniuliza kama nnajua Suhail yuko wapi. Yuko nje, kwenye benchi. Nimekuja naye kwa miguu. Njiani nilimnunulia mkate wa kumimina, kwa sababu hajala tangu jana.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na lile nililolisema mwenyewe. Nimesomewa, ni sawa. Sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: Kheir U. Mmanga

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake, akayathibitisha na kutia sahihi mbele yangu, saa 4:25 asubuhi. Nimepokea daftari moja. Nilipotoka nje nilimkuta aliyetajwa amekaa kwenye benchi, peke yake. Mkate alikuwa nao mkononi, bado umefungwa gazetini. Sajini Hamid.