Mlima wa Saranda

Makole, Dodoma
3 Machi 2025

Babu Methusela,

Shikamoo. Hamjambo huko Mpika? Bibi Bupe na mguu wake? Sisi wazima, mvua imetubania kidogo, lakini uwele umesimama.

Babu, shirika la reli limenunua vichwa vipya vya treni za mizigo, vya dizeli-umeme, na mimi nimechaguliwa kujaribiwa. Mwezi ujao nitavuta mzigo kamili kutoka Bahi, nipande mlima mpaka Saranda. Nikifaulu, nakuwa dereva. Nikishindwa mara mbili, narudishwa yadini kupanga mabehewa, na miaka minne ya kuwa msaidizi imekwenda bure. Wewe uliupanda mlima ule miaka sita. Niambie, mkono ufanye nini?

Mjukuu wako,
Penina

Mpika, Zambia
15 Machi 2025

Mchumba wangu Penina,

Marahaba. Mguu wa bibi yako umepona, wivu ndio haujapona. Kila barua yako ikifika ananiuliza harusi yetu lini.

Nilipokuja kuendesha treni za huku mwaka 1977, mpwa wangu Loisi, mama yako, alikuwa anatambaa, na sijarudi tena. Lakini mlima ule ninao kichwani, kona kwa kona. Ukishapita Kintinku, asubuhi mapema, reli huwa na umande. Utasikia injini inapaza sauti ghafla: magurudumu yanateleza. Usisubiri. Punguza nguvu hatua mbili, mwaga mchanga relini magurudumu yashike, hesabu mpaka kumi, kisha rudisha. Nilifanya hivyo kila safari na sikuwahi kukwama.

Babu yako,
Methusela

Makole
29 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo. Tuko salama.

Nilifanya ulivyosema. Magurudumu yaliteleza, nikapunguza, treni ikafa pale pale mlimani na mabehewa yake yote ya saruji. Tulikaa saa mbili tukingoja kichwa kingine kije kutusukuma. Mwalimu Devota, anayetupima, aliniuliza, "Nani alikufundisha hivi? Si mimi. Kichwa hiki kina kompyuta, kinahisi gurudumu kabla ya sikio lako. Ukikinyang'anya nguvu, umekiua." Sikukutaja.

Darasani nilielezwa. Nikaiamini barua yako kuliko somo. Jaribio la pili ni Julai. Naomba usiniandikie mambo ya treni.

Penina

Mpika
12 Mei 2025

Penina,

Tu wazima, na uliyoandika nimeyastahili.

Kosa ni langu. Mpe Mwalimu Devota jina langu na umri wangu. Nilikuandikia kana kwamba mlima bado ni wangu, wala sikukuuliza hata swali moja juu ya hicho kichwa. Sasa nauliza, na hulazimiki kujibu: kompyuta inajuaje kwamba gurudumu linateleza? Mchanga inamwaga yenyewe? Dereva kabakiziwa kazi gani? Bibi yako anasema nisiitume barua hii. Naituma, kisha nanyamaza.

Babu yako

Makole
2 Agosti 2025

Babu yangu,

Shikamoo tena na tena. Mwalimu Devota kanipitisha!

Tulipoiacha Kintinku, magurudumu yakateleza. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kuwasha, unataka kupunguza. Nikaukalia. Mwalimu akashangaa: "We Penina, umekalia nini?" Nikamwambia, "Nimemkalia babu." Alicheka mpaka akavua miwani. Kichwa kikatetemeka, kikamwaga mchanga chenyewe, kikapanda.

Maswali yako hayajibiki kwa karatasi, Babu, yanataka kuonyeshwa kwa mikono. Tarehe 23 napeleka mzigo Tabora, Mwalimu hayupo.

Mjukuu wako dereva,
Penina

Stesheni ya Saranda
23 Agosti 2025

Mchumba wangu,

Hujambo na safari? Bwana stesheni ameahidi kukupa hii ukirudi kutoka Tabora. Nimetumia siku tatu kwenye mabasi, mgongo unalalamika, mengine salama.

Umepita saa nne na dakika sita asubuhi. Nilianza kukusikiliza ukiwa chini bado. Injini ilipaza sauti mara moja, nikalishika benchi kwa mikono yote miwili. Ikatulia, na wewe hukupunguza. Mabehewa thelathini na moja. Hukuniona. Ulikuwa unatazama reli, na ndivyo inavyotakiwa.

Jioni hii naenda Makole. Loisi amesema nitalala chumbani kwako mpaka urudi. Njoo unifundishe, polepole. Nimekuja na daftari.

Babu yako,
Methusela