Sahani ya Nyama Niliyompa Kamau

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafasi, na Baba bado anabishana na redio. Sisi huku Kanada tunapumua, ingawa baridi ya hapa inaifanya ile ya kwetu Elburgon kuwa mchezo. Nimeandika kwa sababu simu wewe huiweka spika mpaka majirani wasikie, na haya ni yako kwanza.

Mjukuu wako Baraka alilazwa siku tisa. Nilikwambia hataki mayai wala maziwa, nikasema ni madeko, nikawa namkalia mezani mpaka amalize. Mwezi uliopita alishikwa na homa, akatapika, kisha akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Ugonjwa uko kwenye ini, Mama, na ni wa kurithi. Tukila nyama, maharagwe au maziwa, kuna sumu inayobaki ambayo ini huisafisha. Ini la Baraka haliwezi kuimaliza, na sumu hupanda kichwani.

Sasa ana dawa, na kuna mama wa lishe anayetupangia chakula. Huyo haangalii kilo peke yake. Hupima mkono ajue misuli ni kiasi gani na mafuta kiasi gani, maana Baraka ana mashavu na tumbo lakini mikono ni vijiti. Nilidhani atakataza nyama kabisa. Akasema hapana, akinyimwa kabisa mwili utaanza kula misuli yake wenyewe, na sumu itakuwa ileile. Kwa hivyo napima maharagwe kwa mizani ndogo kila siku.

Kisha daktari akauliza kama kwetu kulikuwa na mwanamume aliyekataa nyama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Unakumbuka tulivyomwita kaka yangu Kamau Mzee wa Viazi. Unakumbuka Baba akimshika mkono, "Na hizi mikono utabeba nazo mbao gani?" Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukwambia. Siku mliyonichinjia mbuzi wa kuniaga, wewe ulikuwa jikoni na wageni. Kamau alikuwa ametoka kuugua homa. Nilimjazia sahani. Akaniambia, "Sister, si uniwache tu. Tumbo yangu na nyama hazisikizani."

Nikamwambia, "Leo ni siku yangu. Ukikataa hii, umenikataa mimi."

Akala yote nikiwa nimemsimamia, akanigeuzia sahani nione haina kitu, akacheka. Nilipofika huku mkaniambia anaongea ovyo kama mlevi, yeye ambaye hajawahi kuonja pombe. Siku mbili baadaye mkanipigia tena. Sikuweza hata kuja kumzika. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba ni ile nyama. Mimi pia siwezi kuapa kwamba siyo.

Nimekufikiria na wewe. Ugonjwa huu hupitia kwa mama kwenda kwa mtoto, na huwaumiza wavulana zaidi. Miaka yote ulitugawia nyama ukabaki na viazi na mchuzi, tukasema Mama anajinyima. Labda mwili wako ulijua. Usijilaumu, kwa maana hata mimi ndiye niliyempa Baraka.

Ombi langu ni kuhusu mvulana wa dada yangu Njeri, ambaye ndio kwanza anaanza kula. Mpelekeni Nakuru apimwe damu, na mumpe daktari karatasi ya hospitali niliyoweka humu ndani. Msimnyime chakula kwa kubahatisha, lakini akisukuma kijiko, mtu asimlazimishe. Baba hupenda kusema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi Kamau hatukumchelea, Mama, na bado tunalia. Mwambie Baba polepole, asije akaikumbuka ile mikono vibaya.

Nisalimie Njeri na mumewe, shangazi anayetuombea kila Jumatano, na mjomba wa Molo ambaye magunia yake ya viazi ndiyo yaliyomlea Kamau.

Nikijaliwa kuja, usinichinjie kitu. Nichemshie viazi na chumvi, vile Kamau alivyovipenda, na uniache nile nikiwa nimekaa pale pake. Ukiweza kunisamehe, keti na mimi.

Mwanao,
Wangeci