Kano Tano Zilizoponyoka

Jumanne, 5 Machi

Nimedanganya kwenye jedwali. Sijamwambia mtu, hata mama.

Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule. Wiki ya tatu tu! Machinjioni wanatuletea miguu ya kondoo. Daktari wa mikono anaikata kano, anaishona tena — nyingine uzi unapita mara mbili, nyingine mara nne. Mimi naibana kwenye jiliwa, mashine inavuta, naandika mshono umekatika kwenye kilo ngapi.

Jana nilisahau kuweka msasa kwenye meno ya jiliwa. Kano inateleza kama sabuni. Kati ya nane za mara nne, tano ziliponyoka. Mshono mzima kabisa! Nami nikaandika: umekatika, kilo moja na nusu. Kisha nikazitupa zote kwenye ndoo.

Fundi wa mashine akapita, akanitania: eti naongea na kano kuliko ninavyoongea na watu. Nikacheka. Ningesema pale pale.

Jumatano, 6 Machi

Daktari amepiga hesabu. Mara mbili: kilo mbili na nusu. Mara nne: mbili na robo tatu. Akasema kumbe tunajichosha bure, mgonjwa wa kesho atamshona kwa mara mbili, inaisha haraka. Fundi akakuna kichwa. "Mbona haiingii akilini, Daktari?" Akajibiwa namba hazina mjomba.

Namba zangu!

Sikula.

Alhamisi, 7 Machi

Mgonjwa ni mwashi. Nimemkuta kwenye benchi la korido. Nikamwamkia, shikamoo baba. Koti langu jeupe limemdanganya, akaniita nesi. Akanionyesha mkono: kioo cha dirisha kilimkata, vidole viwili vimenyooka tu, havikunjiki. "Ona, mwanangu, vinasonta watu siku nzima. Havina adabu!" Tukacheka wote. Halafu akaushusha mkono. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama atashika mwiko tena.

Nikasema daktari ni hodari. Si uongo. Lakini si jibu.

Sasa nimekaa sakafuni, nje ya mlango wa daktari. Yumo, namsikia anafungua droo. Nimegonga mara moja, kwa kucha. Hakusikia. Nani angesikia?

Kule mwisho wa korido wanamwita mwashi. Anavua kofia.

Daftari, nitunzie siri hii. Usimwambie mtu, dakika hizi chache tu. Nasimama. Nagonga kwa ngumi —