Sifa, Ulisema na Mimi Nilisikia

Mutoto wangu Sifa,

Ni mimi, Madamu wako wa mwaka wa tatu. Mwandiko wangu uvumilie. Siku moja uligusa picha ya «mbaya» kisha ukanyoosha kidole kwenye tabulo nilipokuwa nimeandika, darasa likacheka mpaka na mimi nikacheka. Barua hii ninaiacha wazi, walimu wenzangu wa hapa Kalemie waisome wakitaka. Lakini ninasema na wewe.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mama yako alikuleta mugongoni, wewe wa miaka tisa, miguu inaning'inia mpaka kwenye magoti yake. Harufu ya ndakala, samaki wadogo aliokuwa anauza sokoni, iliingia darasani mbele yenu. Akaniambia: «Madamu, huyu mutoto anasikia yote. Ni mudomo tu njo inakataa.» Nikasema ndiyo mama, ndiyo, kama vile tunavyosema kwa kila muzazi anayejipa moyo. Nikakuweka benchi ya mbele, karibu na Faida, nikajisemea kwamba basi, atakaa tu.

Halafu tukaitwa walimu kwenye mafunzo ya siku tatu, katika ukumbi wa parokia. Mufundishaji alituonyesha namna ya kuchora picha kwenye kartoni, ili mutoto asiyeweza kutamka aguse kile anachotaka kusema. Akatuambia: «Hii kartoni njo mudomo yake. Haikae mu kabati, haikae kwa mwalimu. Inakaa na yeye.» Nilitikisa kichwa sana, Sifa. Ilikuwa karibu saa saba na nilikuwa ninawaza sahani yangu ya sombe.

Ya kwako tuliichora pamoja, kwenye kartoni ya sabuni, tukaifunika na skoche ya plastiki ili mate yasiiharibu. Picha ishirini na nne. «Mama» ilikuwa kikwembe chenye maua makubwa. «Kuuma» ilikuwa muguu wenye muiba. «Sema» ilikuwa mudomo wazi, na mimi nikauchora na meno yote. «Madamu» ilikuwa mimi, na chiyo changu, fundo la nywele juu ya kichwa, ukacheka mpaka ukaniloesha mukono.

Utaratibu ule wa kukusoma sikuufundisha mimi. Ulikuja wenyewe. Watoto wetu wamezoea: mwalimu akigusa neno kwenye tabulo kwa fimbo, wote wanasoma kwa sauti. Basi na wewe ulipogusa picha, Faida alisoma, benchi ya nyuma yake ikafuata, na kabla ya mwezi kwisha darasa zima lilikuwa linakusoma. Watoto arobaini na tatu, sauti moja. Watu waliopita njiani walidhani ni somo zuri linaendelea. Kumbe ni wewe unaomba kwenda chooni!

Nilijivuna, sikufichi. Nilitembeza habari zako mpaka kwa direkta wa shule. Ndiyo maana siku ile ya Alhamisi, inspekta alipokaa nyuma ya darasa na kaye yake ya kuandikia, nilijua utanipandisha mbele yake. Nikaandika hesabu. Na nyuma yangu nikasikia watoto arobaini na tatu wanasema polepole, na heshima zote: «Madamu. Lala.»

Ee Mungu wangu! Inspekta akainua kalamu. Na wewe ukarudia, wakarudia: «Madamu. Lala.» Ilikuwa kweli, jana yake nilisinzia juu ya meza, jua lilikuwa kali. Ulikuwa unanichokoza kama vile mutoto yeyote anavyomuchokoza mwalimu wake, na leo ningelipa chochote kuchokozwa tena. Lakini haya ilinipanda mpaka masikioni. Inspekta alipoondoka nilikuja kwenye benchi yako, nikachukua kartoni, nikaifungia kabatini. Wanaopiga kelele ninawakunjisha mikono, si ndiyo? Wewe mikono haikunjiki vizuri. Nikaona hiyo ndiyo azabu yako. Nikasema: «Utaipata Jumatatu. Leo na wewe utajua kunyamaza.»

Faida aliniangalia. Kisha akaangalia kabati.

Ijumaa ulikuja, kichwa kimelala begani. Niliona. Nilifikiri umenuna. Nikawapa watoto kuiga maandishi, darasa likatulia, kalamu tu ndizo zinasikika. Ndipo nikakuona unagusa mbao tupu ya mbele ya benchi yako. Kidole chako kilikwenda mahali, kikasimama, kikaenda mahali pengine, kikasimama. Hapakuwa na kartoni, Sifa. Hapakuwa na kitu, mbao tu na mistari ya kalamu za bike ya watoto wa zamani. Na watoto, bila kuinua vichwa, mikono ikiendelea kuandika, wakasoma.

«Kichwa. Kuuma.»

Waliokaa nyuma kabisa hawakuweza hata kukiona kidole chako, mbele yao kulikuwa na migongo mitano. Lakini walisoma na wengine, pamoja, hakuna aliyechelewa. «Kichwa. Kuuma. Mama. Kichwa. Kuuma.» Niliogopa, na mimi nikiogopa ninakasirika, unanijua. Nikapiga meza kwa rula: «Munyamaze! Wote!» Wakanyamaza. Midomo yao tu iliendelea kusogea, bila sauti, mpaka kengele ya mapumziko.

Jumamosi homa. Jumapili mama yako alikubeba mpaka hospitali, mugongoni vilevile. Jumatatu, nilipokuwa ninafungua kabati nikupe kartoni yako, direkta akaja mulangoni akanipa habari. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari alisema mulichelewa siku mbili.

Kwenye kilio nilikaa chini na wamama wengine, kartoni iko ndani ya sakoshi yangu. Mama yako hakulia kwa nguvu. Alikuwa anarudia neno moja tu, kwa kila anayefika: «Mutoto wangu amekufa hakusema. Angalisema hata neno moja, ningalikimbia.» Akanishika mukono. Akaniuliza: «Madamu, kule ku masomo hakuonyesha kitu?»

Nikamujibu: «Hapana, mama. Hatukujua.»

Hilo ndilo limenikalia kooni, Sifa. Si kartoni tu. Kartoni niliichukua kwa hasira, na hasira ni ya watu. Lakini hili la kilio nililisema nikiwa mutulivu, na mama yako akanishukuru. «Aksanti, Madamu.» Alinishukuru!

Niliporudi darasani hakuna mutoto aliyekubali kukaa mahali pako. Sikuwalazimisha. Wiki ya tatu, kwenye dikte, ninasoma wao wanaandika, niko katikati ya sentensi, wakaweka kalamu chini. Wote. Wakatazama mbele na wakasema: «Sema.»

Nikauliza nani ameanza. Faida akasimama, mutoto mupole vile, akaniambia: «Hakuna, Madamu. Tumesoma.»

«Mumesoma wapi?»

Akaonyesha mbao yako. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alinijibu kama vile unavyomujibu mutu anayeuliza dirisha liko wapi.

Nilitoa benchi nje siku hiyo hiyo, nikamuomba mulinzi aipeleke depo. Kesho yake palibaki alama nne za miguu ya benchi kwenye vumbi. Nikaanza sala ya asubuhi. Tulipofika «amina» wakaongeza, bila kucheka: «Madamu. Sema.» Nikarudisha benchi. Nilingoja watoto watoke mapumziko, nikakaa mahali pako, nikaweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa baridi, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Isipokuwa mahali pamoja, padogo, upana wa kidole. Pale palikuwa pa moto. Nilihesabu safu za picha kama tulivyokuwa tumezichora, na sikuhitaji kuhesabu mara mbili: palikuwa mahali pa «Sema».

Nilikwenda sokoni mchana huo. Mama yako alikuwa anafukuza nzi juu ya beseni. Nilichuchumaa, nikamwambia yote, bila kujipaka mafuta: inspekta, kabati, mbao tupu, rula. «Mutoto alisema, mama. Alisema mara nyingi. Alikuita na wewe. Darasa zima lilimusoma na mimi nilisikia vizuri kabisa.»

Nilingoja anipige. Wamama wa pembeni waliacha kuuza. Yeye akafunika ndakala zake na plastiki, akafunga pembe nne, moja moja. Kisha akaniuliza: «Alisema na sauti gani?»

«Ya batoto wote, mama.»

«Nataka kuisikia.»

Alikuja kesho yake, saa mbili, amevaa kikwembe kizuri. Watoto walisimama wakamusalimu. Alikaa kwenye benchi yako, magoti yanagusa mbao, na mimi nikatoa kartoni nikaiweka mbele yake. Akaisukuma pembeni, taratibu. Akaweka mikono yake miwili juu ya mbao tupu. Halafu akaniangalia, na sikuona chuki, ningependa niione.

«Madamu, wewe utoke.»

Nikatoka. Nikasimama barazani, ukutani, kama vile ninavyowasimamisha watoto wachelewaji. Kisha wakaanza. «Mama.» Hilo nililijua. «Mama. Maji. Mama.» Nayo niliyajua. Halafu wakaendelea, sauti zote pamoja, chini chini, neno baada ya neno, na Sifa, maneno yale hatukuyachora. Nilizijua picha zako zote ishirini na nne, nimezichora kwa mikono yangu. Haya yalikuwa mengine. Yalikuwa marefu. Nilisikia mama yako anajibu, anauliza, anajibiwa. Mara moja alicheka.

Nilisogea karibu na dirisha nipate kuelewa. Watoto wakashusha sauti, wote pamoja, mpaka ikawa ni kama pumzi tu, na sikupata hata neno moja. Nilibaki pale nje mpaka kengele, nikijua kwamba ndani mulikuwa mukizungumza.

Lala vizuri, mutoto wangu. Siombi unijibu.

Ni mimi Madamu wako, niliyekunyamazisha.