Maporomoko Aliyoyapita Breki

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kitinda,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na mke wangu ambaye alipinga, nakutangazia rasmi kwamba mimi kaka yako nimenunua kaptura. Ni ya rangi ya udongo, ina mifuko mingi kuliko vitu nilivyo navyo duniani, na inaishia juu ya magoti ambayo umma haujayaona tangu nimalize shule ya msingi. Niliijaribu uani. Mbwa wa jirani alibweka, kisha akanyamaza, nadhani kwa huruma.

Baada ya tangazo hilo pokea salamu zangu. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule mdogo je, meno yameota, au bado anacheka kwa ufizi kama mjomba wake atakavyocheka siku si nyingi? Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, ambao unakumbuka kila sinki niliyowahi kuingia chini yake. Mke wangu ni mzima, anakusalimu, na anataka ujue kwamba kaptura haikuwa wazo lake.

Uliuliza kwenye simu safari ya maporomoko imesogezwa hadi lini, nikamsikia wifi yako akikujibu kwamba tunangoja mvua zipungue huko kusini. Usimkasirikie. Kaka Mkubwa anaumwa, Kitinda, na si mafua. Alilazwa, sasa yuko nyumbani. Kaptura niliinunua safari ilipokuwa bado ipo. Nitakueleza yote kabla sijafunga barua hii, ila niache nifike huko kwa mwendo wangu, maana nikianzia hapo sitaweza kuandika mengine, na yapo mengine ambayo yalikuwa mazuri.

Simu yetu iko kwa Kaka, nayo haifai kwa mambo haya. Nyumba ya Kaka unaijua, ukikohoa jikoni unaambiwa pole kutoka sebuleni. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa dereva mmoja wa malori, mwenzake Kaka wa zamani, anayekuja kwenu na mzigo.

Safari tulikuwa tunaipanga kwenye meza ya wifi yako, ile kubwa anayokatia nguo. Kaka alikuwa anachukua chaki ya mkewe ya ushonaji, anachora barabara yote juu ya mbao: hapa mpaka, hapa mizani ya malori, hapa kituo cha mafuta chenye choo cha kuaminika, hapa njia panda. Mteja akiingia na kitambaa, wifi yako anafuta nchi mbili nzima kwa kiganja na kutandika gauni. Mteja akitoka, Kaka anachora upya.

"Juzi mto ulikuwa kushoto," nikamwambia siku moja.

"Juzi tulikuwa tunarudi," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Wewe ulipangiwa kutungojea pale njia panda, kwa kuwa kutoka kwako si mbali. Alikuchora kwa nukta. Kila alipoanza upya, kabla ya barabara, kabla ya mto, aliitia nukta yako kwanza.

Unajua kwa nini wenzake wa malori walimwita Kaka Breki: kwa sababu hakuwa nazo. Miaka yote ile aliipita njia panda hiyo akienda na akirudi, na hakukata kona hata mara moja. Anasema ukifika pale unaona kama moshi mweupe umesimama juu ya miti, kumbe ni maji yaliyopanda tena baada ya kuanguka. Ukiteremsha kioo, mngurumo unaufikia usukani kabla haujafika masikioni. Madereva wenzake walikuwa wakisimama, wananyoosha miguu, wanarudi wamelowa na kucheka. Wakimuuliza yeye je, jibu lake lilikuwa moja: mzigo una mwenyewe, maporomoko hayaendi popote. Aliapa akistaafu atakwenda na ndugu zake, akae kiti cha abiria, mikono magotini kama bwana harusi, na dereva awe mtu mwingine.

Mimi nilipewa kiti cha ndani, mbali na mlango. "Koki," aliniambia, "wewe ukiona maji yote yale utaruka ukatafute valvu." Na hebu fikiria mwenyewe. Mtu maisha yake yote analipwa kuzuia maji yasimwagike, leo anafunga safari kwenda kutazama maji yanayomwagika usiku na mchana na hakuna fundi aliyeitwa. Mke wangu alisema kama hamu yangu ni hiyo, nianze na bomba la bafuni kwetu, linalodondoka tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Kazini si kubaya. Wiki iliyopita nilizibua bomba kwenye hosteli moja ya wanafunzi, nikatoa humo soksi, kijiko, na pete. Pete nilimkabidhi matroni. Mpaka naandika, watu watatu wameapa ni yao, na kila mmoja inamwenea. Tangu siku hiyo nimeacha kuwaza sana juu ya viapo.

Kaka sasa halali chumbani, analala kwenye kochi la sebuleni. Anasema kitanda kinamfanya ajione mgonjwa. Uji anakula vijiko vichache. Ukiwa wa moto anasema ungoje upoe, ukipoa anasema umeshapoa. Macho yamekuwa makubwa usoni. Wenzake wa malori walikuja kumwona, wakakaa kofia mapajani, wakazungumzia matairi. Walipotoka, mmoja alibaki uani akijipapasa mifuko kana kwamba anatafuta funguo, na funguo zilikuwa mkononi.

Maumivu humjia jioni, na jioni ndipo tunapopanga safari. Ndiyo, bado tunaipanga. Wifi yako anamwekea ubao mapajani na kumpa chaki, naye anachora, mimi nauliza maswali ya kijinga ili anitukane kidogo. Safari haipo. Yeye anajua, na sisi tunajua. Hakuna anayelisema, na kila jioni tunakubaliana nani atabeba maji ya kunywa.

Nisalimie shemeji sana, mwambie afya haiuzwi dukani, apunguze kusimama dirishani na sigara. Wabusu wapwa zangu mmoja mmoja, asikasirike mtu. Mama mkwe wako mpe heshima zangu zote. Shangazi anawasalimu, anasema mmekuwa wageni wa mwezi mwandamo.

Hapa ndipo watu wenye adabu hutia sahihi. Nimeweka kalamu kwenye karatasi nikaiondoa tena. Nilikuahidi kukueleza yote, na wifi yako mwenyewe ndiye aliyeniomba niandike, kwa kuwa yeye hawezi. Anaogopa ukijua hutamtazama tena usoni. Basi kaa kitako ndipo usome.

Kaka alianza kupungua mwili muda mrefu kabla ya maradhi kumlaza. Wifi yako aliona kwanza kwenye kola ya shati, kwa jicho lake la fundi. Sasa, siku chache kabla ya hapo, Kaka alikuwa amekwenda kumtazama dereva mmoja aliyekuwa mahututi, akarudi akasema kwa mzaha wake ule, "Mwanamume akianza kushika suruali kwa mkono, mpimieni sanda." Yakamwingia mkewe. Alipoona suruali zake zinaanza kumpwaya, hakusema neno. Alizingoja zifuliwe, akazibana kiuno na mapaja. Baada ya muda akazibana tena. Mashati akayabana mbavuni. Mkanda akaupeleka kwa fundi viatu, ukakatwa upande wa chuma, si upande wa matundu, ili mumewe aendelee kufunga tundu lile lile.

Kitambaa hakukikata. Alikikunja chote ndani, ili mwili ukirudi aachie. Alidhani ni uchovu wa kustaafu. Alidhani akishayaona maporomoko yake na kupumzika, atanenepa. Hakutaka mumewe akate tamaa kabla ya kuondoka.

Kisha Kaka akaanza kutapika, wakaenda hospitali wao wawili. Daktari akamuuliza kama amepungua uzito. Unamjua ndugu yako. Alicheka, akainua shati. "Daktari, tundu hili nafunga tangu niko barabarani. Tazama mwenyewe." Daktari akatazama, na tundu kweli lilikuwa limechakaa kwa kufungwa. Wifi yako alikuwa kwenye benchi ubavuni pake, ameshika kofia ya mumewe. Anasema alifungua mdomo. Lakini angesemaje pale, mbele yake? Akaufunga. Wakapewa dawa za vidonda vya tumbo, wakaambiwa warudi asipopata nafuu. Alipata nafuu kidogo, na kidogo hiyo ndiyo iliyotuponza. Tukarudi mezani kuchora barabara, msimu mzima ukapita.

Kilichofichua ni koti. Kaka alikwenda kutoa sandukuni koti lake la mvua la kazini, lile zito, kwa sababu kule kwenye maporomoko watu hulowa mchana wa jua kali. Wifi yako alikuwa amelisahau, maana halikuwa nguo ya kufua. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuonyesha kaptura. Kaka alilivaa akasimama mbele ya kioo cha wateja. Mikono haikuonekana. Mabega ya koti yalikuwa huku, yake yalikuwa kule.

"Hili koti la nani?" akauliza.

 Alituangalia, mkewe, kisha mimi, na nafikiri aliyaona yote usoni kwa mkewe kabla hajaona kitu kingine. Akakaa kwenye kiti. Akavua suruali aliyovaa pale pale, akaigeuza ndani nje, akakuta kitambaa kimekunjwa na kushonwa, mkunjo juu ya mkunjo. Akapitisha kidole kwenye mshono taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Umeshona vizuri," akamwambia. "Sikuhisi kitu."

Wifi yako alianguka kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza, akalia kilio ambacho sitakuandikia. Kaka alishuka sakafuni akiwa na koti na chupi, akakaa naye. "Nyamaza, mama," akawa anamwambia. "Wangapi wanaumwa huku wanapwaya? Mimi nimependeza mpaka leo." Nilitoka nje. Nilikuwa nimevaa kaptura, Kitinda, na sikujua niende wapi nayo.

Kesho yake tulirudi hospitali, safari hii wakampandisha mizani. Ni uvimbe, uko tumboni, na umeshafika kwenye ini. Hakuna cha kukata. Nilimfuata daktari kwenye ujia nikamuuliza, ingekuwaje kama ingejulikana mapema. Aliniangalia kwanza, kisha akasema hawezi kuapa, lakini mapema ni mapema. Hilo wifi yako sijamwambia na wewe usimwambie kamwe. Haulizi. Nadhani hana haja ya kuuliza. Ukifika, umshike yeye mkono kabla hujamshika Kaka.

Kaka naye amenituma. Anasema hataki uje kutazama mgonjwa mikono mitupu. Dereva aliyekuletea barua hii anageuza gari akishashusha mzigo, na kiti cha abiria ni chako. Kaka amemwagiza akushushe njia panda, uende ukasimame ukingoni mpaka ulowe chapachapa, ndipo uje umweleze yakoje. Nilimwahidi kwamba nitakuandikia hivyo, na nimekuandikia.

Sasa langu. Nimemwagiza dereva huyo huyo asisimame. Amesema ukoo wetu unamchosha, yeye atamsikiliza abiria. Basi abiria nakuomba, usishuke. Daktari alipotuaga alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili, na tangu jana Kaka anachora mpaka kwenye mizani ya malori tu, chaki inamtoka vidoleni, anasema tutamalizia kesho. Moshi huo ukiuona juu ya miti, utazame upande wa pili, upite, uje. Akikuuliza kwa nini hukushuka, mwambie ni mimi niliyekukataza. Amenigombeza tangu utoto wetu, na nitafurahi akinigombeza tena.

Mungu akulinde njiani, akufikishe, na akukutanishe naye akiwa macho.

Ni mimi kaka yako nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Koki