Vikombe vya Kijani Mwezi wa Ramadhani

Jumatano, 29 Oktoba 2003

Leo nimejibu. Nimejibu na sikuomba radhi!

Philippe katuita asubuhi, mie na James. Philippe ndiye mkuu wa chumba cha kuonjea chai, na pua yake anaisifu mwenyewe, hangoji wengine. Kampuni inaanza kuleta chai ya kijani kutoka Japani. Anatakiwa mwonjaji mmoja wa kuisimamia, wa kwenda mashambani huko kila msimu wa mchumo. Mmoja tu. Mie na James tumeanza kazi pamoja, tumeonja pamoja chai ya Assam, ya Kericho, ya Malawi, tumetema kwenye ndoo moja. Sasa mmoja apande na mwengine abaki na chai ya vifuko.

Mtihani ni tarehe 18 Novemba, saa tano ya mchana. Anakuja mzee mmoja kutoka Shizuoka, huko huko Japani, na chai zake mwenyewe. Vikombe saba visivyo na majina, useme kipi ni kipi.

Nikasema, mie mwezi huu nimefunga.

Philippe kasema, kwa upole kabisa, lakini si unatema? James kacheka kidogo.

Ala! Chai haionjwi kwa ncha ya ulimi. Unaivuta kwa kishindo mpaka ipige koo, mvuke upande puani. Anayesema hakuna hata tone linaloshuka, huyo muongo. Labda wako wanaoweza. Koo langu nalijua mwenyewe. Kila Ramadhani nahamia kwenye makaratasi, narudi mezani baada ya Idi, na hakuna aliyewahi kufa.

Nikamwambia, nipe saa ya magharibi. Novemba jua la London linazama saa kumi na kitu, watu wote bado wako ofisini.

Kasema haiwezekani, hakuna mwanga. Na hapo hakusema uongo. Chumba chetu kina dirisha moja kubwa, linatazama kaskazini makusudi, ili jua lisiingie likadanganya rangi ya chai. Kwenye taa ya umeme kijani kinageuka manjano, huoni kitu.

Nikasema, basi ntaonja bila ya kuona.

Wamenitazama kama nimerukwa na akili. Na watazame!


Jumamosi, 1 Novemba

Nilidhani Mama atakuwa upande wangu. Wapi!

Kaniambia tokea lini mtoto wa watu akalipwa kwa kutema mate. Kisha: kama wamekukatalia, waachie kazi yao, mbona kina mama wa Kizanzibari tele hapa Hounslow wako uwanja wa ndege na wanaishi. Nikasema siachi. Kasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikasema Idi haiko mbali, Mama. Nikala kofi la bega.

Nimeleta sampuli nyumbani. Kabla ya futari nikazipanga jikoni, nikaenda kutia udhu. Kurudi — toba! Mama kaikuta gyokuro. Hii chai miti yake inafunikwa, inakaa kivulini wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, majani yake yanakuwa laini kama hariri. Mama kaimimina yote kwenye sufuria. Maji yanatokota, iliki, tangawizi, maziwa, sukari vijiko vinne. Kaichemsha mpaka ikapanda na kushuka, mara tatu, kama inavyotakiwa chai.

"Chai yako mbovu," kaniambia. "Inanuka mwani."

Nilitaka kulia. Nikacheka. Kwa sababu ndiyo! Gyokuro nzuri inanuka mwani, ndivyo waonjaji wanavyoisifu. Mama kailowesha maziwa na iliki na bado kaukamata mwani ule ndani. Lakini kakataa kuinywa, kaimwaga.


Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wangu huu. Adhana kwenye redio, maji funda moja, halafu vikombe. Chakula baadaye. Mama ananung'unika kwamba tambi zinapoa na katlesi zinalegea, lakini anasubiri.

Siku ya kwanza nilifungua kwa tende, kama watu. Kosa! Utamu wa tende unakaa ulimini, chai zote zikawa chungu na zote zikawa sawa. Sasa maji matupu. Mama kasema tende ni sunna. Nikamwambia na maji pia yamo.

Nachemsha maji kama ofisini. Nyumbani kwao Wajapani wanasubiri maji yapoe, chai itoke tamu. Kwenye meza ya kuonjea tunaimwagia yanayotokota, makusudi, kila ila itoke nje.

Sencha ya mchumo wa kwanza: majani mabichi, kama mchicha unapotiwa tu kwenye maji ya moto. Utamu unakuja nyuma, umechelewa. Mchumo wa pili: jani lile lile lakini limekomaa, linakwaruza ulimi pembeni. Bancha: majani makubwa ya mwisho, chai ya kila siku, nyepesi, haina makuu. Naipenda. Gyokuro: nzito, supu kabisa, inabaki mdomoni mpaka unapoosha vyombo. Kabusecha: hiyo nayo inafunikwa, lakini siku chache, basi ni mtoto wa gyokuro aliyelelewa na sencha. Hii ndiyo itakayotuua sote.

Hojicha ni ya kukaanga, hata James mwenye mafua ataijua. Na genmaicha — lo! Ina mchele uliokaangwa ndani. Nimempa Mama anuse bila kumwambia. Kafumba macho. "Ukoko!" Kaka yake na yeye walikuwa wakipigania ukoko wa sufuria, kanihadithia mpaka Isha ikaingia. Hiyo kainywa. Na sukari, lakini kainywa.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimeshinda!

Wiki nzima Philippe ananiambia ngoja, ngoja. Leo nimeingia ofisini kwake, sikukaa. Nikamwambia: kama jibu ni hapana, liseme mbele ya meneja mkuu, sema Haifa hatofanya mtihani kwa sababu kafunga. Lisikike hivyo hivyo. Sauti haikutetemeka.

Kawa mwekundu. Kasema hakuna aliyesema hivyo. Nikasema basi tunaelewana.

James saa tano. Mie saa kumi na nusu, kwenye taa, na mgeni atangoja. Philippe kanionya: rangi utaikosa, usije kulalamika. Sitolalamika.

Na lingine. Nikiwa bado nimesimama pale, joto limenipanda, nikasema na wale wa kufunga pakiti je? Amir, mtu wa Wete, baba wa watoto watatu, kila Ramadhani anafungua kwa tende ya mfukoni huku mashine inakwenda. Wako saba pale waliofunga. Philippe kasema ataongea na wasimamizi wa mashine huko chini. Jioni jibu likaja: dakika kumi wakati wa magharibi, kwa majaribio. Kwa majaribio! Haya, majaribio.

Amir kanikuta kwenye ngazi. Kasema, "Dada Haifa, sasa wanatutazama sisi sote kupitia weye. Usituangushe." Nikamwambia niombee dua, usinitishe.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.


Ijumaa, 14 Novemba

Vibaya. Mama kanifunga macho kwa mtandio wake, kapanga vikombe anavyotaka. Nimeiita sencha ya mchumo wa pili bancha. Na kabusecha nimeiita gyokuro, kwa kujiamini, mpaka nikataja na shamba. Mama kacheka akashindwa kukaa. Nimevua mtandio nikautupa. Kisha nikauokota, nikamwambia panga tena.

Kapanga tena. Nimekosea tena.

Sitaki kuandika zaidi leo.


Jumapili, 16 Novemba

Vyote saba. Mara mbili! Macho yamefungwa!

Siri ya kabusecha iko mwisho. Gyokuro inabaki, kabusecha inaaga. Unameza... hapana, unatema, unahesabu pumzi. Kama imeshaondoka, ni kabusecha.

Mama kaniwekea katlesi nyingi kuliko zake.


Jumanne, 18 Novemba — asubuhi

Naandika chooni ofisini. Nimepata ada, damu ya mwezi.

Leo! Wiki nzima kabla ya wakati! Nimekula daku, nimetia nia, nimesali Alfajiri vizuri. Nafika kazini, tumbo linakata, naingia chooni — basi. Saumu haipo. Leo sifungi, sisali.

Nimekaa hapa nimeshika kichwa. Ningeweza kuonja saa tano. Ningeweza kuonja sasa hivi, na ndoo nzima nikainywa, na hakuna dhambi. Baada ya vita vyote vile!

Nimempigia Mama. Kafurahi. Mungu kakufungulia mlango, mwanangu. Pita.

Sikuuomba mlango huu mie! Nilitaka kuonja nikiwa nimefunga, jua limezama, njaa iko tumboni, na niwashinde hivyo. Ndiyo nina kiburi. Mungu anisamehe, lakini nimekasirika.

Nimeamua. Saa yangu ni saa kumi na nusu. Nilivyoahidi ndivyo itakavyokuwa. Maji ntakunywa humu chooni kama tulivyozoea sote wanawake, tangu tuko skuli, tunakula biskuti tumejificha kana kwamba tumeiba.


Jumanne, hiyo hiyo — mchana

James katoka. Kapata vitano. Kaniambia mwenyewe, bila ya maringo, na kasema zile mbili za kivuli zimemvuruga. Vitano! Mie navijua na hivyo viwili. Navijua vyote.

Sasa sikiliza. Mgeni tiketi yake imebadilishwa. Anaondoka kwenda Heathrow saa nane. Philippe kanifuata kwenye meza yangu, na naapa alikuwa na huzuni kweli, hakuwa anacheza. Kasema amejaribu, haikuwezekana. Ni sasa au basi. Kama ni basi, kazi ni ya James, na hakuna atakayenilaumu.

Hakuna atakayenilaumu! Nikasema nipe dakika tano.

Nimekimbilia kwenye ngazi. Naandika kwenye goti.

Nikikataa, nimeiacha kazi kwa ajili ya saumu ambayo sinayo. Huo ni upuuzi, sio ucha Mungu.

Nikiingia nikanywa kimya, chumba cha kuonjea kina ukuta wa kioo upande wa mashine. Amir ataniona. Wote saba wataniona, mchana kweupe, nimeinua kikombe. Na Philippe atasema, bila ya ubaya hata kidogo, kumbe ilikuwa inawezekana. Mwakani hakuna atakayepewa saa yake ya magharibi. Zile dakika kumi za majaribio zinakufa leo, kabla hata ya Idi.

Nimempigia Mama tena. Nimemwambia ntawaeleza kwa nini.

Kapiga ukelele. "Mbele ya wanaume? Haifa! Hayo hayatajwi! Ingia, kunywa, nyamaza. Mungu anajua."

"Mungu anajua, Mama. Amir hajui."

Kasema aibu hii ataiweka wapi, watu wa Hounslow watasema nini, binti wa fulani kasimama kazini akatangaza mambo yake. Nikamwambia aibu yangu ntaibeba mwenyewe, sikuiba kitu. Sote tumezaliwa na mwanamke. Kakata simu.

Naandika mbio, mwandiko huu sijui kama ntausoma kesho. Aibu ninayo, sikatai. Uso unawaka moto. Amir mtu wa heshima, sijawahi hata kumtajia kichwa kinauma. Lakini nimechoka kujificha na biskuti chooni! Ntasema kwa mdomo wangu: leo nimo mwezini, dini yangu imenikataza kufunga leo, ndiyo maana nakunywa. Siku zikiisha, nikitoharika, nafunga tena, na siku hii ntailipa. Na saa ya magharibi ni ya hawa saba, haiguswi kwa sababu yangu. Hayo tu. James akitaka kuangalia viatu vyake, aangalie.

Kisha nionje. Na nikikosea hata kimoja, nikosee hivyo hivyo, kila mtu anajua.

Nimeshuka, niko mlangoni, daftari bado mkononi. Vikombe vimeshapangwa dirishani, mwanga mwingi, rangi zote zinaonekana, sijawahi kuziona vizuri hivi. Mzee wa Shizuoka kaniinamia kichwa nami nimemuinamia. James na saa yake, ya kuhesabia dakika za chai. Maji yanatokota.

Philippe kasema tuanze. Nimemwambia bado, namngoja Amir, nimetuma mtu akamwite.

Kasema Amir wa nini? Nimemwambia utasikia.

Amir anafuta mikono kwenye aproni yake, anakuja.