Bastola ya Kwenda Nayo Msituni

Husby, Uswidi, Alhamisi jioni

Bastola basi. Wiki mbili nimebishana na kaka yangu Barasa, anayeishi Alaska, nichague ipi. Yeye anasema ya risasi sita, kwa sababu haikwami. Mimi nilitaka ya risasi kumi na tano, maana najijua, kumi na nne nitakosa.

Chanzo ni Gunilla wa kazini. Alinialika kwenye nyumba yao ya msituni, kaskazini, akasema huko kumejaa "bär". Neno hilo linasikika kama dubu anavyoitwa kwa Kiingereza, na masikio yangu ya Kenya hayakuuliza mara mbili. Nikakubali kwa ujasiri, kisha nikakosa usingizi.

Leo nimemwambia Gunilla kwamba polisi hawawezi kunipa kibali cha bastola. Sasa tutatumia nini?

"Kwa bär? Ndoo," akasema.

Kumbe bär kwa Kiswidi ni matunda! Vijitunda vya porini. Gunilla amecheka mpaka akakaa chini. Nimeona aibu, na hasira pia, kwa sababu nimekosa usingizi bure.

"Kwa hiyo dubu hawapo?" nikauliza.

"Wapo. Lakini wanaogopa watu. Ukitembea, ongea kwa sauti ya juu tu, watakukimbia."

Sauti ya juu! Mimi, ambaye kwenye treni watu hunigeukia na kuweka kidole mdomoni ili ninyamaze kila nikimpigia mama simu.

Bado naogopa, nakiri. Lakini Jumamosi naenda na ndoo yangu, na mama nitampigia nikiwa katikati ya msitu.